Mazoezi ya Viungo na Utulivu wa Moyo: Mazungumzo na Wakazi wa Kashojwa

    

Mmezoea kwamba polisi wakiitisha mkutano, maneno huwa ni yale yale: wizi wa mbuzi, pombe haramu, pikipiki zisizo na taa, ugomvi wa mipaka ya mashamba. Leo hatukuja kwa hayo. Tumekuja kuzungumza juu ya usingizi uliopotea, moyo unaodunda bila sababu inayoonekana, na namna ambavyo mwendo wa miguu na kunyoosha viungo vinaweza kuusaidia mwili uliochoshwa na hofu. Iwapo jambo hili halionekani kuwa la polisi, mtuvumilie kidogo, tutaeleza kwa nini tunaliona kuwa letu pia.

Mtu akifika mezani kwetu kituoni, sisi huandika kile alichokuja kushtaki: amepigwa, ametukanwa, ameharibiwa mali. Lakini tukimwacha azungumze kabla hatujashika kalamu, mara nyingi shauri lake huanzia mbali zaidi. Huanzia usiku. "Afande, mume wangu halali. Anakaa mlangoni mpaka jogoo awike. Mtoto akilia, anashtuka kama amepigwa risasi." Au ni kijana anayesema kwamba mkono ulimtangulia, alikuwa amekwishampiga mwenzake kabla hajajua amekasirikia nini. Sheria inamhesabu aliyepigwa na aliyepiga, na ni lazima iwe hivyo. Hofu haimpi mtu ruhusa ya kumpiga mkewe. Hata hivyo sisi tunaoyasikiliza mashauri haya kila juma tungekuwa vipofu kama tusingeona kwamba mengi yangeweza kuzuiwa siku 10 kabla, wakati mtu yule alipoanza kukosa usingizi.

Tuanze na kosa letu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha.

Miaka mingi iliyopita, mahali pengine, si hapa, kikosi tulichokuwamo kilipangiwa kazi karibu na watu waliokuwa wamevuka mpaka majuma machache tu kabla. Katika vyuo vya polisi asubuhi huanza kwa mchakamchaka. Mnakimbia kwa mistari, buti zinapiga chini kwa pamoja, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, na wimbo wenyewe ni wa Kiswahili, kwa maana Kiswahili ndicho lugha tuliyolelewa nayo jeshini, hata sisi ambao mama zetu walitubembeleza kwa Runyankore au Luo. Kwetu mchakamchaka ni furaha. Askari aliyeamka na mawazo mengi hurudi amevuja jasho na anacheka. Basi tukafanya kama tulivyozoea. Alfajiri, giza bado halijaondoka, tukapita kwa mbio kandokando ya vibanda vya turubai, watu 40, tukiimba kwa sauti zote.

Tuliporudi hatukuona mtu. Milango ilikuwa imefungwa, na moto wa uji ulikuwa umeachwa ukiwaka peke yake. Kuna mama aliyekimbilia kwenye mahindi akiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, na haikuwa rahisi kumshawishi atoke. Mchana, mzee mmoja alikuja kumwona mkuu wetu. Hakulalamika wala hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, sisi tuliondoka kwetu kwa sababu ya viatu vile vile."

Hatukuwa na jibu. Tuliomba radhi nyumba kwa nyumba, na kuanzia siku ile tukaacha buti, tukavaa raba, tukasogeza mazoezi hadi jua lilipokwisha kuchomoza, tukapunguza watu wakawa kumi kumi, na hatukuimba. Baada ya majuma kadhaa wavulana wawili watatu wakaanza kutufuata nyuma kwa kucheka. Baadaye wimbo ulirudi, lakini walioanzisha ni wao.

Tunalileta kisa hiki kwenu kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo tunataka kuyasema leo. Mbio zile zile zilimtuliza askari na kumtia kiwewe mama wa watu. Mwendo wa mwili una nguvu pande zote mbili, nao huponya pale tu mtu anapokuwa na hakika kwamba hakimbizwi.

Sasa tutazame kinachotokea mwilini. Binadamu akihisi hatari, ubongo hutoa amri kabla hata akili haijapata wakati wa kufikiri. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, na baada yake kotisoli. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, damu hupelekwa kwenye misuli ya miguu na mikono, tumbo hupunguza kazi yake, viganja hutoka jasho. Yote haya ni matayarisho ya kukimbia au kupigana, na hapana ubaya ndani yake. Wengi mlioketi hapa mlivuka Bunagana, au mlipita Tanzania mkitokea Burundi, au mlisafiri majuma mengi kutoka Somalia, na mko hai kwa kuwa miili yenu ilifanya kazi hiyo barabara.

Taabu inakuja baadaye. Mwili haujui kutofautisha mtu mwenye panga na orodha ambayo jina lako halimo. Ndugu aliyebaki Masisi hapokei simu. Barua ya kesi yako haijajibiwa. Adrenalini ile ile inamwagwa, moyo unaenda mbio vile vile, lakini safari hii miguu haina pa kwenda. Umekaa juu ya kigoda, unatazama simu. Jambo hilo likirudiwa siku baada ya siku, shingo hukakamaa, kifua hubana, kichwa huuma, chakula hakishuki, usingizi hukatika saa 8 za usiku, na neno dogo la mke au la jirani linapokelewa kama tusi kubwa.

Mwendo wa mwili huipa miguu kazi iliyokuwa ikiingojea. Misuli ikitumika, ule mkazo uliotayarishwa kwa ajili yake hulegea. Na kuna jambo jingine ambalo watu hawaelezwi sana. Mwenye wasiwasi mwingi huogopa hata dalili za wasiwasi wenyewe: moyo ukidunda, yeye hudhani anakufa, na kwa kudhani hivyo moyo huzidi kudunda. Anapopanda kilima kwa hiari yake, moyo hudunda pia, pumzi hufupika pia, kisha anasimama juu, anapumua, na baada ya dakika chache vyote vinatulia. Akilirudia hilo mara nyingi, mwili hujifunza kwamba mdundo wa moyo una mwisho. Na usiku, mwili uliochoka kwa njia ya halali hulala vizuri zaidi kuliko ule uliochoshwa na mawazo tu.

Haya hatukuyaota. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliandika juu ya watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka. Wengine walipewa dawa, wengine walifanya mazoezi mara 3 kwa juma, wengine walipata vyote viwili. Baada ya majuma 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu kwa kiasi kinachokaribiana, ingawa waliopewa dawa walianza kuiona mapema zaidi. Uchunguzi mwingi uliofuata, juu ya huzuni na juu ya wasiwasi, umeelekea upande huo huo. Lakini watu wale wa Duke walikuwa wanakula na kulala kwao. Hatutaki kuwaletea dawa ya watu walioshiba bila kuipima kwanza kwa kipimo cha Nakivale.

Ndiyo maana swali aliloliuliza mama mmoja kabla ya mkutano huu tumelipokea kwa heshima. Aliuliza hivi: "Afande, mimi nalima tangu alfajiri, nachota maji, natafuta kuni, nabeba mtoto. Mazoezi gani tena mnayotaka nifanye?"

Mama yetu, umesema kweli, na mtu asikuambie kwamba mwili wako ni mvivu. Kwa upande wa misuli na moyo umetimiza zaidi ya kile Shirika la Afya Duniani lilichopendekeza mwaka 2020, ambacho ni dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa wastani kwa mtu mzima. Lakini wanaochunguza mambo haya wameona kwamba kazi ya kulazimika haiutulizi moyo kama ule mwendo ambao mtu ameuchagua mwenyewe. Sisi twadhani sababu yake si ngumu kuiona. Ukiwa na jembe, mawazo yanalima pamoja nawe: mvua itanyesha lini, mbegu zitatosha, mwenye shamba atanilipa. Wewe hauhitaji kuongeza uchovu. Unachohitaji ni nusu saa isiyo na mzigo kichwani wala mtoto mgongoni, ukitembea pole pole na wenzako, au ukinyoosha mgongo ule uliokuwa umeinama tangu asubuhi. Na ili uipate nusu saa hiyo, lazima mtu mwingine amshike mtoto. Waume wa Kashojwa, hapa tunawatazama ninyi. Zoezi lenu la kwanza ni kwenda na dumu kisimani ili wake zenu wapumzike.

Liko na jambo la njaa. Mgao wa chakula tangu mwaka 2023 hutolewa kwa makundi kwa kadiri ya hali ya kila kaya, na zipo kaya zilizoondolewa kabisa. Polisi hawagawi chakula, wala hatukuja kuwafundisha jinsi ya kusahau tumbo. Mtu aliyekunywa uji peke yake tangu asubuhi asikimbie. Atatetemeka, ataona kizunguzungu, na dalili hizo zinafanana mno na zile za wasiwasi, hivyo atarudi nyumbani na hofu zaidi ya aliyokwenda nayo. Huyo na atembee taratibu kivulini, au aketi na kufanya zoezi la pumzi tutakalolieleza. Na wazazi wasiwanyime watoto chakula kidogo kilichopo kwa hoja ya kwamba wamecheza tu. Mtoto anahitaji kucheza na kukimbia kama saa 1 kila siku, na anahitaji kula.

Vijana wanangoja tutaje mpira, na tunaona mmoja ameukalia hapo nyuma. Tunaupenda mpira. Hata hivyo hatutawadanganya kwamba kila mpira hutuliza moyo. Kule Gulu, kaskazini mwa nchi yetu, baada ya vita vilivyowatesa watu wa Acholi kwa miaka mingi, watafiti walifuatilia vijana waliocheza katika ligi ya mashindano, wakawalinganisha na wenzao ambao hawakuwamo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wengi wangetazamia kwamba wachezaji watakuwa na moyo mwepesi zaidi. Kwa wavulana ikawa kinyume: dalili za huzuni na wasiwasi kwa waliocheza zilikuwa mbaya kuliko kwa wale ambao hawakucheza.

Kwa maoni yetu, jambo hili haliwashangazi wanaosimamia viwanja. Tumeitwa mara nyingi kuamua ugomvi ulioanza kwa penalti. Mahali ambapo timu ni ya Wakongo na nyingine ni ya Warundi, au hii ni ya wakimbizi na ile ya wenyeji, kufungwa mabao hakubaki uwanjani. Kunarudi nyumbani na mtu. Kijana aliyekwishapoteza nyumba, shule na ndugu hahitaji kila Jumapili aambiwe mbele ya watu 300 kwamba ameshindwa tena. Kwa hiyo tunawaomba wanaopanga mechi wachanganye timu. Gaweni kwa rangi ya fulana, msigawe kwa taifa la mtu. Wekeni na siku za kucheza bila kuhesabu mabao. Wachezaji hodari watanung'unika, tunajua.

Mchezo ulioongozwa vizuri ni kitu kingine. Baadhi yenu mlimwona au mlisikia habari za Popole Misenga, mcheza judo kutoka Kongo, aliyekuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Michezo ya Olimpiki, Rio de Janeiro, mwaka 2016. Timu ile ilikuwa na wanamichezo 10. Akiwa na miaka 9 alikimbia mapigano, akatengana na jamaa zake, akakaa siku 8 msituni kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa, na huko, katika kituo cha watoto waliopoteza makwao, akafundishwa judo. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba judo ilimpa utulivu na nidhamu wakati ambapo hakuwa na mzazi wa kumwelekeza. Rio alishinda pambano moja, kisha akatolewa. Kinachotugusa sisi ni mazoezi yale ya Kinshasa yenyewe. Mtoto aliyezoea kwamba kila kitu hupotea alikuta kitu kisichopotea.

Wazee mnaotikisa vichwa mkisema kwamba mambo ya raba na viwanja ni ya watoto, ninyi mna mazoezi yaliyo bora kuliko yetu. Mpiga ngoma wa Kirundi arukaye huku akiupiga mguu hewani anatoa jasho kuliko askari wa mchakamchaka. Ekitaguriro ya wenyeji wetu Wanyankole, pamoja na kukanyaga kwa miguu na mikono iliyoinuliwa kama pembe za ng'ombe, ni zoezi la mapaja, mabega na pumzi kwa wakati mmoja. Wasomali wana dhaanto. Makazi haya yamewapokea watu tangu mwaka 1958, na katika miaka yote hiyo kila waliofika walikuja na ngoma yao hata walipokuja mikono mitupu. Tena ngoma ina kile ambacho mbio hazina: huimbwa. Anayeimba hulazimika kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, na pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayoupunguzia moyo kasi. Sisi askari tulikuwa tukinufaika na jambo hilo miaka mingi katika mchakamchaka bila kulijua.

Sasa tueleze namna ya kuanza, kwa ufupi, kwa kuwa mengi mtayaona kwa macho siku tutakayotoka. Anza kwa kutembea dakika 10, si zaidi, kwa muda wa juma zima. Juma linalofuata ongeza dakika 5. Kasi inayofaa ni ile inayokuruhusu kuzungumza na mwenzako lakini isikuruhusu kuimba. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza. Ukirudi, simama, nyoosha mikono juu, iteremshe, zungusha mabega, shika ukuta na unyooshe nyuma ya mguu. Kisha keti. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe pole pole ukihesabu hadi 6, mara 10. Hili la pumzi laweza kufanywa na mgonjwa, mjamzito, mzee, mwenye njaa, na hata askari aliye zamu. Tunalifanya ndani ya gari kabla ya kwenda kwenye tukio baya.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, pumu au selimundu amwone mhudumu wa afya kwanza. Mwenye homa apumzike na apimwe malaria. Ukisikia maumivu ya kifua yanayokwenda begani au mkononi, hayo usiyaite wasiwasi; simama na uombe msaada mara moja.

Kuna na hofu ambayo mwendo peke yake hauiondoi. Mtu anayeyaona tena mambo ya zamani kana kwamba yanatokea sasa hivi, anayesikia sauti, anayesema kwamba kufa ni afadhali, au aliyeacha kula na kuoga, msimwambie akimbie kuzunguka uwanja. Mpelekeni kituo cha afya, nao wataweza kumpeleka hospitali ya rufaa Mbarara, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Wala msione haya. Hapa hapa Nakivale kulifanyika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 na kusomwa duniani kote: wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia, wenye majeraha ya moyo ya vita, walishiriki, na wengi wao walisaidiwa na washauri ambao nao walikuwa wakimbizi, waliofunzwa kwa muda mfupi. Kwa waliosimulia maisha yao hatua kwa hatua mbele ya mshauri, takriban watu 7 kati ya 10 hawakuwa tena na ugonjwa ule walipopimwa baadaye. Dunia ilijifunza jambo kutoka kwa watu wa makazi haya. Kwa hiyo kusema "nimeumia moyoni" mbele ya mshauri si ugeni wa Kizungu. Majirani zenu walikwishalifanya.

Sisi wenyewe tumelazimika kulisema. Mwenzetu mmoja alihudumia ajali kubwa ya barabarani, akawatoa watoto ndani ya gari kwa mikono yake, na baada ya hapo akawa mkali kazini na bubu nyumbani. Aliona aibu kumwambia mtu. Alianza kwa kuacha pikipiki na kutembea kutoka kituoni hadi kwake kila jioni, kilomita 4. Alituambia kwamba kutembea hakukumwondolea picha zile, bali kulimpa nguvu ya kwenda hatimaye kwa mshauri na kuzitaja. Tunadhani huo ndio ukweli wa mambo kwa watu wengi.

Tumefika mahali ambapo kazi yetu ya polisi inaingia hasa. Tulipozungumza na akina mama wa vijiji hivi, waliotangulia kusema hawakutaja viatu wala uchovu. Walitaja njia. Mwanamke hawezi kuutuliza moyo wake akitembea mahali ambapo anatazama nyuma kila hatua 10. Wakatuonyesha sehemu zenye vichaka, nyumba ya pombe ambapo vijana huwatupia maneno, na saa ambazo hawathubutu kupita. Orodha hiyo ya mahali tumeichukua na doria zimepangwa kwayo. Kuhusu vijana wa pale kwenye pombe, tumekwisha zungumza nao mara moja kwa upole. Mwanamke anayevaa hijabu atatembea na hijabu yake, na anayevaa kitenge atatembea na kitenge. Asitokee mtu wa kuwapangia mavazi. Likitokea la kutokea, piga 999 au 112, na kwa jambo la mtoto piga 116. Lakini msingoje simu. Askari wa kike wawili watakuwamo kundini kila mara, wamevaa fulana na raba.

Tumeulizwa pia kwa sauti ya chini kama tutaandika majina ya watakaokuja, na kama majina hayo yatakwenda kwa wagawaji wa chakula au kwa wanaoshughulikia safari za nchi ya tatu. Hatutaandika jina la mtu. Atakayekuja na kalamu kwenye matembezi haya, hata akiwa mmoja wetu, mrudisheni. Asiyekuja hatapungukiwa na kitu, na atakayekuja mara moja na kuacha hatatafutwa.

Tutaanza Jumamosi hii, saa 1 asubuhi, jua likiwa limekwisha kutoka. Tutakusanyika hapa hapa, tutatembea dakika 10 kwenda na 10 kurudi, kisha tutanyoosha viungo chini ya mti. Kandambili zinafaa, miguu mitupu inafaa kama umeizoea, na mzee aje na fimbo yake. Kila mmoja alete maji kidogo ya kunywa. Mvua ikinyesha tutangoja ikatike. Wenyeji na wakimbizi watakuwa kundi moja, na mbele atatangulia mwenye mwendo wa pole kuliko wote ili asiachwe. Kuhusu wimbo, hatutaanzisha sisi.

Tunaona mikono imeinuliwa upande wa akina mama, na mwenye swali la jembe ni wa kwanza. Karibu, mama, tunakusikiliza.